Vitanda Vilivyokwenda Kupakwa Rangi

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Joash amegeuzwa mara tatu leo. Mbili na mimi, moja na Nangila. Kidonda cha mgongoni bado kinanuka. Nangila anasema harufu inapungua. Anasema hivyo kwa sababu ni mjukuu wangu. Pua haina mjukuu.

Mvua tangu asubuhi. Mlima hauonekani.

Naandika kwa sababu Joash mume wangu hajibu. Miaka yote jioni nilikuwa namsimulia siku yangu, yeye anatafuna mhogo na kusema "ee" na "acha!" Herufi ni yeye alinifundisha, ndani ya lori lake, kwa vibao vya barabarani. M ya Malaba. J ya Jinja. Shule mimi sikuingia hata kufagia.

Mwezi wa saba alianguka bafuni kwetu Walukuba, Jinja. Upande wa kulia ukafa, ulimi ukafa, koo likasahau kumeza. Nangila akapiga simu (bibi kwake ni Kukhu): Kukhu, mlete kwangu Mbale, hospitali ninayofanyia kazi watatupunguzia. Tukamleta. Sasa anakula kwa mpira wa puani. Uji mwepesi, kwa bomba la sindano, pole pole. Chochote kikipita mdomoni kinaenda mapafuni. Daktari alinionya hilo kama anayemwonya mtoto na moto.

Leo manesi wanacheka kwenye korido kama wasichana wa harusini! Sheria mpya imefika. Nesi mmoja, vitanda sita, basi. Hata hospitali za watu binafsi. Asiyefuata, wodi yake inafungwa. Nangila mwenyewe alitembea juani mwaka jana na wenzake kudai hiyo sheria. Na wana haki! Wodi hii ya wanaume ina vitanda ishirini na vinne, na kila shifti nesi ni mmoja. Mmoja! Kuna siku Nangila alikuwa anampigania mtu huku dirishani, mwingine akafa kule mlangoni, bila hata wa kumshika mkono. Nangila hakula siku ile. Nilimpakata, jitu zima na yunifomu yake.

Nikamwambia, basi Mungu amesikia.

Akasema, "Mungu amesikia, Kukhu. Sasa tuombe Daktari Yakub asikie."

Yakub ndiye mwenye hospitali.

Jumatano, 3 Septemba 2025

Daktari Yakub amepita wodini. Mtu mwembamba, mpole, koti limechakaa kwenye viwiko. Mimi sijui kuzunguka. Nikamwuliza: hao manesi utawaleta lini?

Akageuza ndoo, akakaa. Akauliza nauza nini Jinja. Nikamwambia kabalagala, vikate vya ndizi, nakaanga barazani kwangu.

"Sasa mama, sheria ikikuambia kila karai liwe na wapishi wanne?"

"Nitapandisha bei."

"Watoto watanunua?"

"Watapita wananusa tu."

"Ndiyo hospitali yangu hiyo," akasema. "Kitanda chenye mtu ndicho kinacholipa nesi. Niongeze manesi, bei ya kitanda ipande. Bei ikipanda, mgonjwa anabaki nyumbani. Kitanda kitupu hakilipi mtu."

Nikamwambia, lakini kabalagala ikiungua, daktari, hakuna anayezikwa.

Akacheka. Halafu akaacha kucheka. Akasema manesi wana haki, hilo ndilo linalomtoa usingizi. Wana haki na yeye hana pesa. Akainuka, akairudisha ndoo mahali pake vizuri sana, kama ni ya kioo.

Nilitaka kumchukia, nimeshindwa. Ningempa chai kama ningekuwa nayo.

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Jinja. Nimekuja kutazama nyumba. Nangila amebaki na babu yake, ni siku yake ya mapumziko. Mapumziko gani!

Walukuba iko vile vile. Kuku wamebaki wawili, wengine sijui kama ni mwewe au ni jirani. Owino wa nyumba ya pili alikuja na kofia mkononi kama nimefiwa. Nikamwambia, vaa kofia yako, Joash yupo. Akasema gari lake ni letu siku yoyote. "Mafuta tu utaweka wewe, mama." Angalau hadanganyi.

Nimechukua yale mashuka meupe niliyotarizi mwenyewe kwa harusi ya Wangila. Wangila mwanangu, baba yake Nangila, Mungu amlaze pema. Mashuka hayajatumika tena tangu siku ile. Nimeyafua, nimeyaanika, nimeyakunja. Joash hatalala tena kwenye shuka lenye doa la mtu mwingine.

Nyumba bila mtu wa kukohoa ni kubwa sana.

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimerudi Mbale, nimekuta Joash chini!

Chini! Godoro juu ya saruji. Vitanda vimebaki kumi na viwili. Kumi na viwili vingine Muzafaru askari wa geti na mwenzake wamevibeba kwenye stoo ya nyuma. Nikamfuata mpaka mlangoni.

"Vinakwenda wapi?"

"Kupakwa rangi, bibi."

"Rangi gani?"

Akafikiri. "Bluu."

Walioteremshwa ni wale waliokaa sana. Joash. Nasuru aliyekatwa mguu kwa sukari. Mzee wa Bududa asiyejua yuko wapi. Vijana wenye mifupa iliyovunjika wamebaki juu, wao wanaondoka upesi na wengine wanaingia.

Dada yake Nasuru, Madinah, ndiye jirani yangu hapa wodini. Mswahili wa mjini, ulimi kama pilipili. Anasema, "Hospitali haina pamba, ina rangi! Subhanallah."

Nasuru naye: "Kitanda changu kimeenda saluni, kiacheni kipendeze."

Tukacheka. Nikamwuliza Nangila, hii rangi itakauka lini? Akasema, "Karibuni, Kukhu," akaondoka haraka kama ameitwa. Sikusikia mtu akimwita.

Jumanne, 9 Septemba 2025

Saruji inapanda kupitia godoro. Mgongo wa Joash baridi kama samaki.

Kumgeuza mtu kitandani unasimama. Kumgeuza chini unapiga magoti, na magoti yangu ni ya umri wangu. Siafu waliingia kwenye uji. Nimewaua mmoja mmoja, nimewatukana kwa Kigisu.

Nangila anapiga magoti pia. Nimeona soksi zake zimetoboka.

Alhamisi, 11 Septemba 2025

Nesi mpya amekuja kwa kila shifti ya mchana. Wasichana wazuri, bado wanatembea wakitazama saa. Sasa mchana ni wawili. Usiku bado Nangila peke yake, wanasema wa pili wa usiku anatafutwa. Anatafutwa wapi? Manesi wote wanakwenda kwa Waarabu.

Lakini mwanamke aliyekuwa anafua ameachishwa. Na mwenzake. Na yule mzee wa kudeki. Pesa zao ndizo zinalipa manesi wapya. Kwa hiyo asubuhi Nangila anatoka shifti ya usiku anashika fagio. Nesi mpya alikuwa anakamua mashuka ya damu pale bombani, yunifomu imelowa mpaka kifuani.

Nangila akasema, "Tumeongezwa manesi, tumepunguziwa mikono."

Sisi wauguzaji, watu wa wagonjwa, sasa tunafua ya wodi nzima. Madinah anasema tudai mshahara. Mimi nafua tu. Mgonjwa hana kosa.

Na bei ya siku imepanda. Kijana mmoja wa Sironko amemchukua baba yake. Amemfunga mgongoni kwake kwa leso, juu ya boda, kama mtoto mchanga, miguu ya mzee inaning'inia. Kitanda kikabaki kitupu. Manesi wawili wakasimama wanakitazama.

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Sista Namukose, mkuu wa manesi, ametukusanya sisi wauguzaji. Mama mnene wa Kisoga, akisema jambo anakunja kitambaa chake mara mia. Jumatano wageni wanakuja. Wakubwa. Kutoka kule juu. Wodi ing'ae. Vyombo vyenu visionekane. Na wa magodoro ya chini mtawatoa nyuma, waote jua, wageni wakiondoka mtawarudisha.

Nikasema vizuri, kidonda kinapenda jua.

Madinah akauliza wageni ni wa nini. Sista akasema ni wageni tu, mama Nasuru, hata nyumbani kwako huwa wanakuja wageni.

"Mimi si mama Nasuru, ni dada yake. Mama yake angekuwa hapa ungekimbia."

Hata Sista alicheka. Lakini alikuwa amechoka. Nilimpa kipande cha mhogo, akala akiwa amesimama, akanishukuru kama nimempa ng'ombe.

Jumatano, 17 Septemba 2025

Niandike yote, nisije nikajidanganya kesho.

Asubuhi mvua. Si manyunyu, mvua ya kupasua. Jua gani la kuota? Nyuma kule ni tope, maji yanafika kwenye kizingiti cha stoo. Sista Namukose yuko ofisini anaandaa chai ya wageni. Nangila ametoka usiku, wamempeleka chumba cha upasuaji kusaidia, wodini hayupo. Wale wasichana wawili wako na mgonjwa wa kifafa.

Nikatazama wodi. Wazee wanne, watano, sita, chini, kwenye njia ya miguu. Mtu akiingia atawaruka. Joash wangu, aliyekuwa akiingia kwa mtu wanaume wanainuka, mgeni atamruka kama gogo!

Kwetu mgeni hamkuti mzee chini. Hata kama mna kiti kimoja na kimevunjika, mzee anakalishwa juu yake, mgeni ndiye anakaa mkekani. Mgeni akimkuta mzee chini, anakwenda kusema ile nyumba imekufa, watoto wake ni bure. Nikafikiri: daktari maskini, atatukanwa na wageni wake. Manesi watatukanwa. Nangila atatukanwa.

Nikamwambia Madinah, inuka. Nikawaambia wauguzaji wote, inukeni! Rangi itakuwa imekauka.

Madinah akapiga saluti. "Ndiyo, afande!"

Muzafaru hakutaka kufungua stoo. Nikamwambia, wewe una baba? Akasema anaye. Analala wapi? Akafungua.

Rangi haikupakwa! Kutu ile ile. Nikasema, tazama wavivu hawa, wiki nzima hawajagusa hata brashi. Mjinga mimi. Niliiona kutu kwa macho yangu mawili, nikafikiri uvivu.

Tukavibeba. Wanawake wanane na Muzafaru, ndani ya mvua, tunacheka, Madinah anaimba nyimbo za harusi. Tukavifuta. Tukavipanga mstari kama zamani. Joash tukamwinua na godoro lake, nikamtandikia shuka la harusi, lile lenye maua ya samawati. Nikamchana nywele. Nasuru naye akadai achanwe, "na mimi nina wageni!" Vitanda ishirini na vinne, vyeupe, na kila mzee juu ya chake. Nilisimama mlangoni nikaona wodi nzuri kuliko zote Mbale. Nasema ukweli, nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu Julai.

Wakaingia. Mama mmoja wa miwani, bwana mmoja na mwavuli. Daktari Yakub nyuma yao, anaongea, anatabasamu. Akaona vitanda. Tabasamu likabaki, lakini yeye mwenyewe aliondoka ndani yake. Sijui kueleza zaidi.

Mama wa miwani akaanza kuhesabu kwa kidole. Nikafikiri anahesabu kwa kupendezwa!

Akaja mpaka kwetu. Mtu mzuri, sauti laini. "Shikamoo mama. Mzee anaendeleaje? Amelala hapa tangu lini?"

"Tangu mwezi wa saba, mwanangu."

"Manesi wanawatunza?"

Hapo nikafungua mdomo wangu huu. Nikamwambia, wanatutunza! Na nikamwambia, kuna mmoja anaitwa Nangila, ni mjukuu wangu, damu yangu. Usiku anaitunza wodi hii nzima peke yake. Vitanda vyote! Peke yake, na hakuna anayelia kiu. Huyo mmoja ni sawa na manesi wanne.

"Peke yake," akasema yule mama.

"Peke yake!" nikasema. Na kifua mbele.

Bwana wa mwavuli akaandika. Daktari Yakub akatazama sakafu mahali pale ambapo godoro la Joash lilikuwa, ambapo saruji ilikuwa bado kavu.

Chai ya Sista hawakunywa.

Alhamisi, 18 Septemba 2025

Wodi inafungwa. Mpaka Jumamosi wote tuwe tumetoka.

Joash amelala vizuri kwenye shuka lake.

Ijumaa, 19 Septemba 2025

Nangila amekuja amekaa nami kwenye ngazi za nyuma. Hakuvaa yunifomu. Akanieleza pole pole, kama ninavyomweleza Joash ninapomgeuza.

Wageni walikuwa wa sheria. Sheria inahesabu vitanda. Manesi wawili, vitanda kumi na viwili, imefuatwa. Aliye kwenye godoro chini hana kitanda, kwa hiyo hayupo. Ndiyo rangi. Daktari Yakub hakutaka kumfukuza mgonjwa hata mmoja, na hakuwa na pesa ya manesi wengine, akaona njia ni hiyo. Manesi wote walijua. Muzafaru alijua.

"Na usiku?"

"Usiku tuliandikwa wawili, Kukhu. Mimi na mtu ambaye hayupo."

Nikamwuliza, kwa nini hukuniambia? Mimi bibi yako. Ningemlaza Joash kwenye tope na mwavuli juu, kama ungeniambia.

Akasema, "Ungenyamaza?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nikafikiria mdomo wangu. Ningeingia ofisini kwa Yakub siku ile ile, na korido nzima ingesikia.

Nikasema, nisingenyamaza.

Akaendelea kunieleza.

Wodi ya wanaume ikifungwa, manesi wa wodi ya wanaume hawana kazi. Wodi ya akina mama na ya uzazi wana watu wao. Yeye na wale wasichana wapya wote wameambiwa leo. Sheria aliyotembea juani kuidai! Nikamwambia hivyo, nikajuta. Akasema sheria ni nzuri. Akasema hata leo angetembea tena kuidai. Halafu akalia, na alipolia akasema neno ambalo sitalisahau: "Uliniua kwa kunisifu, Kukhu."

Sikujitetea. Nilimshika kichwa nikakiweka pajani pangu, na yeye akakubali. Mungu ambariki kwa kukubali.

Jumamosi, 20 Septemba 2025

Tumeuliza kila mahali. Hospitali kubwa wamejaa mpaka kwenye ngazi. Hospitali nyingine ya watu binafsi wao pia wamepunguza vitanda kwa ajili ya sheria hiyo hiyo, na bei yao ni ya wenye magorofa. Owino yuko njiani na gari.

Nimekwenda kwa Daktari Yakub. Nilikuwa nimetengeneza maneno. Nikafika, yote yakatoka. Nikasema, mwanangu, nilitaka wageni wako wakusifu.

Akasema najua, mama.

Akasema hata wasingekuja, mwezi wa kumi asingeweza kulipa mishahara ya wale wapya. Ingekuwa wodi hiyo au ya watoto. "Wewe umeniharakishia tu." Sijui kama alisema hivyo kunipoza. Akanipa mabomba mawili ya sindano mapya, na mafuta ya kidonda. Hakutaka kitu. Dirishani kwake unaona stoo, na vitanda vimerudishwa pale nje, vyote ishirini na vinne, vinasubiri mnunuzi. Vimelowa.

Madinah amenikumbatia getini. Nasuru yuko ndani ya toroli, Madinah anampeleka kwa mtu wao karibu na msikiti. Nikamwambia nisamehe. Akasema, "Nikusamehe nini? Nilikuwa naimba!" Halafu akaniambia sikioni, bila mzaha sasa, kwamba kidonda cha Nasuru kimeanza kupanda juu ya goti. Nani atakiosha? Yeye akiona usaha anatapika.

Mzee wa Bududa hakuna aliyekuja kumchukua. Sista Namukose amekaa naye, kitambaa mkononi.

Jumanne, 23 Septemba 2025

Walukuba. Joash yuko kwenye kitanda chetu. Njia nzima kutoka Mbale alinitazama. Kila shimo la barabara uso wake ulikunjika nusu, ile nusu inayoweza.

Nangila amekuwa hapa siku hizi, ananifundisha. Kusukuma uji, si kwa nguvu. Kichwa juu, mito mitatu. Suuza mpira kwa maji kabla na baada. Ananifanya nirudie mbele yake. "Tena, Kukhu." Amekuwa mkali kama mimi. Nafurahi, na inaniuma.

Kesho kutwa anakwenda Kampala. Kuna watu wanaopeleka manesi Uarabuni, anakwenda kupanga foleni. Anasema kule nesi mmoja anatunza watu wanne. Nikamwuliza, nani amekuambia? Wao wenyewe, akasema. Nikafunga mdomo. Ndiyo, nimejifunza! Nimechelewa, lakini nimejifunza.

Majirani wanakuja, wanaketi, wanamsalimu Joash kwa sauti kubwa kana kwamba ni kiziwi. Wakitoka barazani wananiambia anaendelea vizuri. Kila mtu anayeniambia uongo ananipenda. Nimeliona hilo mwaka huu.

Alhamisi, 25 Septemba 2025

Nangila ameondoka alfajiri. Alimbusu babu yake kwenye paji la uso, akamwambia, Kuka, usinisumbulie bibi.

Nimemlisha peke yangu. Uji umepita. Kidonda nimekiosha, nimeona mfupa au nimefikiri nimeuona. Sitamwambia kwa simu.

Ijumaa, 26 Septemba 2025

Mpira umetoka.

Asubuhi nilikuwa namgeuzia ukutani, nikaukalia bila kujua, nikavuta mwili wake. Wote ukatoka. Mrefu vile! Damu kidogo puani. Hakulia, hawezi. Mimi ndiye niliyepiga kelele.

Nimempigia Nangila. Yuko kwenye foleni, nasikia wasichana wengi nyuma yake. Akasema: usiurudishe wewe, utaingia pafuni. Tafuta nesi, kazi ya dakika. Na usimpe kitu kwa mdomo, Kukhu. Hata maji. Hata tone. Umenisikia? Nikasema nimesikia. Akasema wanaita jina lake. Ikakatika.

Owino amekwenda Mpumudde, kuna kliniki pale, nesi anaitwa Shakirah, mtu mwema, aliwahi kunifunga mkono. Amerudi. Shakirah hayupo. Amechukuliwa na hospitali ya mjini, wanakusanya manesi kutoka kila kliniki ili watimize hesabu yao. Kliniki ina kufuli. Nikamwambia nenda huko huko mjini, mlete hata kwa kumwiba. Amekwenda. Tangu asubuhi.

Sasa ni mchana. Mabati yanalia kwa joto. Nangila namba yake haipatikani.

Midomo ya Joash imepasuka. Nimeipaka mafuta. Nimempepea. Nimemwambia Owino anakuja, na manesi kumi. Nami nimekuwa kama wao, natengeneza watu wasiokuwepo.

Sasa hivi amefungua mdomo. Mwenyewe! Tangu Julai haujafunguka mpaka mtu avute kidevu. Ulimi umesogea, nimeuona, umekwenda mbele ukarudi. Ama koo limekumbuka. Ama ni kiu tu. Nani wa kuniambia? Kuna mtu mmoja duniani wa kuniambia na simu yake imezimwa.

Nimechota maji. Kikombe kiko hapa karibu na karatasi. Hanitazami mimi, anatazama kikombe.

Nimemwuliza, Joash, nikupe?

Amefumba jicho. Amelifumbua.

Nimemwuliza tena. Amefumba, amefumbua.

Miaka arobaini na tatu tumeongea, na hatukuwahi kupatana ndiyo ni ipi, kufumba au kufumbua —